Damu ya Mama Ndiyo Akiba ya Mtoto: Habari za Ngara na Biharamulo



Ukurasa huu kwa desturi huzungumza habari za miche, majamvi, makonyo na bei ya karafuu. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya mali nyingine, ambayo haipimwi kwa pishi wala haiwekwi ghalani, na ikipungua hapana tangazo linalotolewa. Mali hiyo ni damu ya mwanamke mwenye mimba. Tena tutaanza mbali kidogo na kisiwa chetu, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kisha tutarudi nyumbani.

Mwanachama mmoja atauliza: Ngara na Biharamulo ni wapi, na sisi wakulima wa karafuu zatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Wilaya hizo mbili zimo katika Mkoa wa Kagera, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, upande wa pili wa Ziwa Victoria ukitokea Mwanza. Sisi tuna bahari, wao wana vilima. Sisi tuna mikarafuu, wao wana migomba na maharage. Lakini mama zao na mama zetu wanasumbuliwa na ugonjwa mmoja, nao ni upungufu wa damu. Tena swali moja kubwa juu ya dawa ya ugonjwa huo lilichunguzwa hapa hapa Pemba, na jibu lake likasikika dunia nzima. Kwa hiyo anayesoma habari za Ngara asidhani kuwa anasoma habari za watu baki.

NCHI YENYEWE

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mto Kagera wapita mpakani, na pale Rusumo pana maporomoko ya maji na daraja la kuvukia kwenda Rwanda. Wenyeji wake wengi ni Wahangaza na Washubi. Biharamulo iko mashariki yake, nayo ina mapori makubwa, na mjini pangali na boma la kale lililojengwa na Wajerumani. Katika wilaya zote mbili watu wengi ni wakulima, na chakula chao ni ndizi, maharage, muhogo, mahindi na viazi. Mwanamke ndiye mwenye jembe, ndiye mwenye ndoo ya maji, na ndiye mwenye mzigo wa kuni, awe na mimba au asiwe nayo.

Hospitali zipo. Ngara wana Murgwanza na Rulenge, zote mbili zilizoanzishwa na makanisa, na Biharamulo wana hospitali yao. Lakini vijiji vimetawanyika, vilima ni vingi, na Bukoba, mji mkuu wa mkoa, uko mbali kaskazini. Mama anayeanza kutokwa na damu usiku kijijini hana saa nyingi za kungoja.

Tena nchi hiyo imebeba mizigo ya jirani zake. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Baadaye wakimbizi wa Burundi walikaa kambi ya Lukole, wilayani humo humo, mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Waja wazito wengi walijifungulia katika mahema. Upande wa kusini, katika kambi ya Mtendeli, wilaya ya Kibondo, madaktari walichunguza uzazi wa wakimbizi wa Kirundi, na habari zao zikachapishwa mwaka 2000. Waliona kuwa zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano waliozaliwa hai alikuwa na uzito usiofika kilo 2 na nusu, na wakaitaja malaria kuwa miongoni mwa mambo yaliyowadhuru mama na watoto.

HESABU YA DAMU

Yafaa kwanza tujue damu hupungua namna gani. Ndani ya damu mna kitu chekundu kiitwacho himoglobini, ambacho huchukua hewa kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Himoglobini haiwezi kufanyika bila ya madini ya chuma. Mja mzito hupimwa kwa tone la damu. Ikionekana kuwa himoglobini haifiki gramu 11 katika desilita moja, yaani sehemu ya kumi ya lita, husemwa ana upungufu wa damu. Ikiwa haifiki gramu 7, upungufu huo ni mkali na maisha yake yamo hatarini.

Mimba moja, tangu mwanzo mpaka kujifungua, yahitaji madini ya chuma kiasi cha miligramu 1,000. Hiyo ni gramu moja tu, uzito wa karafuu kavu kumi hivi. Mtu ataona ni kitu kidogo. Lakini chuma kilichomo katika ndizi, muhogo, maharage na majani hakiingii mwilini chote. Kiingiacho ni sehemu ndogo, na kilichobaki hutoka. Basi mwanamke aliyeanza mimba bila ya akiba hawezi kuipata gramu hiyo kwa chakula cha kila siku peke yake.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila waja wazito 100, 57 walikuwa na upungufu wa damu. Zaidi ya nusu! Lau kama nusu ya mikarafuu yetu ingekauka matawi, mkutano wa dharura ungeitishwa siku ile ile.

VINAVYOKULA DAMU

Katika Ngara na Biharamulo vitu vinavyokula damu ya mama ni vingi, na mara nyingi humjia vyote pamoja.

Cha kwanza ni malaria. Katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, Kagera ulikuwa ndio mkoa ulioongoza kwa malaria nchini: watoto 41 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikutwa na vijidudu vyake, na wakati huo kwetu Zanzibar hakufika hata mtoto mmoja katika 100. Tangu hapo malaria imepungua Kagera, lakini mkoa huo bado ni miongoni mwa yenye malaria nyingi. Vijidudu hivyo huvunja chembe nyekundu za damu. Tena kwa mja mzito vina hila moja mbaya: hujificha katika kondo la nyuma, penye mlango wa chakula cha mtoto. Mama aweza asione homa wala baridi, akawa anakwenda shamba kama kawaida, na huku damu yake yavunjwa na mtoto wake apunjwa. Mwenye mimba ya kwanza ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Cha pili ni safura. Wazee wetu walilijua jina hilo zamani, na jina lenyewe limekuwa ni la ugonjwa na la minyoo yake. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi cha mtu, yakaanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, na vijinyoo vikaingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Kisha hukaa tumboni vikifyonza damu. Mnyoo mmoja wa aina kubwa aweza kumpotezea mtu hata sehemu ya tano ya mililita kwa siku. Haya, tupige hesabu: minyoo 50 ni mililita 10 kwa siku, na kwa mwezi ni mililita 300, zaidi ya robo lita ya damu! Chini ya migomba ya Ngara pana unyevu na kivuli. Na chini ya mikarafuu yetu je?

Cha tatu ni chakula kisicho na nyama wala samaki siku nyingi. Cha nne ni mimba zinazofuatana mbiombio, mama akabeba ya pili kabla hajarudisha damu aliyoitoa kwa ya kwanza. Na wako waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wako wengi katika nchi za pembezoni mwa Ziwa Victoria. Hao wahitaji kuangaliwa na daktari tangu siku ya kwanza ya mimba.

Kwa hiyo ugonjwa huu haukomeshwi kwa dawa moja. Ukimpa mama vidonge vya chuma ukamwacha alale bila ya chandarua, umetia maji katika mtungi uliotoboka. Ukimpa chandarua ukamwacha na minyoo, ni hayo hayo.

MTOTO HULIPA DENI

Mama mwenye damu kidogo huchoka upesi, moyo humwenda mbio, na pumzi humpaa akipanda kilima. Siku ya kujifungua, damu ambayo mwanamke mwenzake aweza kuipoteza akasimama, yeye yaweza kumwua. Hilo twalijua wengi. Ambalo halijulikani sana ni deni la mtoto.

Mtoto huweka akiba yake ya chuma katika miezi ya mwisho ya mimba, akiichota kwa mama. Akiba hiyo humtosha kwa kadiri ya miezi minne mpaka sita, maana maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Basi mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na mama mkavu wa damu, huingia duniani na akiba pungufu. Huwa mdogo, hushindwa kunyonya kwa nguvu, hupoa mwili upesi, na maradhi humkuta dhaifu.

Zitazameni hesabu hizi za Tanzania. Katika uchunguzi wa 2015 na 2016, vifo vya mama kwa sababu ya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa 2022 vilikadiriwa kuwa 104. Hayo ni maendeleo makubwa, na tuwashukuru wakunga na waganga wote. Lakini watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila 1,000 katika uchunguzi wa kwanza, na 24 katika uchunguzi wa pili. Amepungua mmoja tu! Mama anaokoka, na mchanga wake angali anakwenda makaburini. Kazi iliyobaki ni ya yule mdogo, na kazi hiyo huanza tangu yumo tumboni.

PEMBA ILIVYOUFUNDISHA ULIMWENGU

Sasa twafika kwenye swali tulilolitaja. Ikiwa upungufu wa chuma ni ugonjwa, mbona asipewe kila mtu chuma, mambo yakaisha? Wataalamu wengi walifikiri hivyo. Lakini wengine waliona shaka, kwani hata vijidudu vya malaria hustawi penye chuma.

Basi katika miaka ya mwanzo ya 2000 uchunguzi mkubwa ulifanywa kisiwani Pemba, ukiwahusu watoto wadogo zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja mpaka miezi 35. Wengine walipewa chuma na foliki kila siku, wengine hawakupewa. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Mwezi wa Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa, kwa sababu ilionekana kuwa watoto waliopewa walipatwa na maradhi makali au kifo zaidi kuliko wenzao, kwa kadiri ya asilimia 12. Habari hizo zilitolewa mwaka 2006. Lakini sehemu nyingine ya uchunguzi huo huo, ambayo watoto wake walipimwa damu na kutibiwa malaria kwa uangalifu, ilionyesha kuwa wale waliokuwa na upungufu wa chuma kwa kweli walipata faida.

Wanachama wengi wenye umri watakumbuka siku zile. Pengine yumo aliyekuwa na mtoto katika hesabu hiyo. Watoto wa Pemba waliufundisha ulimwengu jambo moja: penye malaria, chuma kisitembee peke yake. Chuma na kinga ya malaria ni ndugu wawili, wasitenganishwe.

Je, mja mzito naye aogope vidonge vya chuma? La, asiogope. Swali hilo nalo lilichunguzwa. Magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, waja wazito 470 walifuatwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2015. Waliopewa miligramu 60 za chuma kila siku hawakuzidi wenzao kwa malaria, na watoto wao walizaliwa na uzito uliozidi kwa gramu 150 hivi. Mwaka huo huo zikatoka habari za waja wazito 1,500 wa Dar es Salaam, nazo hazikuonyesha kuwa chuma kiliongeza malaria katika kondo la nyuma. Lakini wanawake hao walikuwa wakiangaliwa kliniki na kukingwa na malaria. Hilo ndilo sharti, na ndilo Ngara na Biharamulo wanalotakiwa kulitimiza kila siku.

MIEZI TISA YA MAMA WA BIHARAMULO

Tumfuate mama mmoja wa mfano. Yu kijijini Biharamulo, na hii ni mimba yake ya pili. Akienda kliniki mapema, kabla ya mwezi wa nne, hupimwa damu, hupimwa malaria na maradhi mengine, na hupewa chandarua chenye dawa. Hupewa vidonge vya chuma na foliki anywe kimoja kila siku. Baada ya miezi mitatu ya kwanza hupewa dawa ya minyoo. Kisha hupewa dawa ya SP ya kukinga malaria, ainywe mbele ya mkunga, na kuirudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, isipungue mara tatu mpaka kujifungua. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazipatani. Tena kidonge kikubwa cha foliki cha miligramu 5 kisitumiwe pamoja na SP, maana huidhoofisha. Kile kidogo cha kliniki hakina neno.

Kuna taabu mpya ambayo tusiifiche. Vijidudu vya malaria vya sehemu hizo vimeanza kuzizoea dawa. SP haina tena nguvu kama ya zamani, ingawa bado humfaa mama na mtoto. Na wilayani Karagwe, katika mkoa huo huo wa Kagera, wamekutwa vijidudu vyenye dalili ya kuistahimili hata dawa mseto inayotumiwa leo. Kwa hiyo chandarua na kupimwa mapema vimezidi kuwa muhimu.

Akienda kliniki mwezi wa saba, mengi katika hayo yamekwisha mpita. SP hataipata mara tatu kwa nafasi yake, na damu haijengwi kwa wiki mbili. Hapo ndipo twasema kuwa siku ya kwanza ya kliniki ni dawa kuliko dawa zenyewe.

Siku ya kujifungua nayo ina mambo yake. Kitovu kisikatwe kwa haraka. Mkunga angoje dakika moja mpaka tatu, ikiwa mtoto anapumua vizuri, ili damu iliyomo katika kondo imwingie mwenyewe. Akiba hiyo ni ya bure, haina gharama hata senti. Mtoto afutwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, anyonye katika saa ya kwanza, na yale maziwa ya manjano ya mwanzo yasikamuliwe yakamwagwa. Kitovu kiachwe safi na kikavu, kisipakwe samli wala majivu. Anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita.

Akiwa njiti au mdogo sana, abebwe kifuani mchana na usiku, namna iitwayo kangaruu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila ya kungoja, kulipunguza vifo vya watoto hao wadogo kwa kadiri ya robo. Kifua cha mama hakikosekani Ngara, wala Biharamulo, wala Pemba.

MANENO YASEMWAYO

Vidonge vya chuma vina maadui wengi wa maneno. Husemwa kuwa vyamfanya mtoto kuwa mkubwa, mama akashindwa kujifungua. Si kweli, vyamsaidia mtoto asiwe mdogo kupita kiasi. Husemwa kuwa choo huwa cheusi, basi ni sumu. Choo huwa cheusi kwa sababu ya chuma ambacho hakikuingia mwilini, wala si ugonjwa. Kichefuchefu huwapo, na dawa yake ni kumeza kidonge usiku wakati wa kulala, au pamoja na chakula kidogo. Ila vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani mtoto mdogo akivila vingi vyaweza kumwua.

Na huko Bara waja wazito wengi hula udongo, na ajabu ni kuwa udongo huo huuzwa masokoni kwa jina la kisiwa chetu: huitwa pemba! Hata kwetu wapo waulao udongo au mchele mbichi. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Udongo huzuia chuma kisiingie mwilini, na waweza kuleta minyoo. Basi mwanamke mwenye hamu hiyo asichekwe wala asikaripiwe, apelekwe akapimwe damu.

NA SISI JE?

Ndugu wanachama, Ngara na Biharamulo wana malaria kuliko sisi. Lakini safura ni yetu, chai ni yetu, na kuchelewa kliniki ni kwetu pia. Twapenda kuwakumbusha mambo haya.

Mimba isifichwe kliniki. Twajua desturi ya kuficha mimba changa kwa kuogopa kijicho na maneno ya watu. Ifichwe kwa jirani, lakini mkunga aambiwe. Na nauli ya kliniki itoke mfukoni mwa mume kabla ya kuombwa.

Wakati wa msimu wa karafuu, mja mzito asipande mkarafuu na asibebeshwe magunia. Kazi ya kuchambua makonyo yaweza kumtosha, naye avae viatu. Kila kambi ya wachumaji iwe na choo, kwani choo chasaidia kuzuia safura.

Chakula cha damu tunacho. Dagaa, samaki, chaza, kunde, mchicha na kisamvu vyote vina chuma. Mja mzito ale pamoja na chungwa, embe, pera au ndimu, ambavyo husaidia chuma kuingia mwilini. Na chai aiache mpaka saa moja ipite baada ya chakula, kwani chai hukizuia. Tena wakati wa kupakua, kichwa cha samaki na mnofu visiwe vya baba peke yake.

Malaria nayo haijatutoka kabisa. Hurudi na wasafiri na hurudi na mvua. Mja mzito mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na anayesafiri kwenda Bara achukue chandarua chake na amwulize mkunga kabla ya kuondoka.

Mwisho ni habari ya damu yenyewe. Mama anayetokwa na damu, awe Murgwanza au Mkoani, hawezi kuokolewa kwa vidonge. Ahitaji damu ya mtu mwingine, nayo haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu mzima mwenye afya aliyekwenda kuitoa kwa hiari kabla ya ajali kutokea. Sisi ni chama cha watu wengi, na wengi wetu tuna nguvu na afya. Twashauri kila tawi lifikirie, msimu ukiisha na kazi zikipungua, kuwapeleka wanachama wake wakachangie damu salama.

Mkulima wa karafuu ndiye mtu wa kwanza wa kuifahamu habari hii. Yeye huupanda mche, akautilia kivuli, akaumwagilia na kuupalilia, na hungoja miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuona ua la kwanza. Hausemi mche kuwa ni mdogo, akautupa. Wala hangoji ukauke ndipo autie maji. Mtoto wa mwenzetu wa Ngara, na mtoto wa nyumba ya jirani yako, ni miche ya namna hiyo, ila hao hungojwa miezi tisa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa mapema, mama angali anatembea kwa miguu yake kwenda kliniki.